Mashine Iliyofungiwa na Masufuria

Jomvu Kuu, Mombasa
Ijumaa, 8 Agosti 2025

Mwanangu Wardah, tunda la ini langu,

Marahaba. Nnaitikia mapema, shikamoo yako ingali njiani, kwa kuwa nnajua nilivyokulea.

Sisi huku wazima wa afya. Nduguyo Mahir yuko, na mkewe Fatma yuko, tumbo lake sasa haliwezi kufichwa na dera. Muuguzi Selpher anampima kila akienda zahanati, na kila akimpima anaandika ndani ya mashine yako. Ndiyo, mashine yako. Wao waiite seva, mimi nnaiita mashine ya Wardah, na hakuna aliyenikosoa.

Katika kikapu nimekutilia achari ya ndimu, mkate wa tambi na kashata za nazi. Dereva wa basi la Garissa nilimwambia, "Huu mzigo ni wa injinia." Akaniuliza, "Injinia wa barabara, mama?" Nikamwambia, "Keti nikueleze." Akasema basi linaondoka. Hasara ni yake.

Utasema mama si apige simu. Nilipiga, ukanambia uko chumba cha mashine na simu huziacha mlangoni. Tena simu ni ya salamu tu, maneno yakishatoka yamepotea. Barua nnakwenda nayo zahanati, nnaketi pale kwenye benchi la kina mama wanaongoja, nnawasomea. Pakiwa patamu nnarudia. Juzi mgeni mmoja aliniita Mama Mahir, nikamwambia Mahir ni wangu pia, alhamdulillahi, lakini siku hizi niite Mama Wardah, ndilo jina lililo kazini.

Usiwe na wasiwasi na mashine. Iko palepale ulipoiweka kabla hujaenda huko, ndani ya stoo ya zahanati, pamoja na masufuria ya maulidi na majamvi, na ufunguo uko kiunoni mwangu. Nnaitunza kama bibi harusi. Vumbi halijui rangi yake. Mwezi uliopita alikuja Lenox, yule kijana fundi wa Changamwe, akautoa ule mfumo wako wa zamani akatia mwingine. Ati programu mpya ya kadi za wagonjwa imeukataa ule wa kwanza. Nilimsimamia tangu alipoingia mpaka alipotoka. Nilimwambia, "Kijana, hapo unaposhika ameshika mwanangu, shika kwa adabu."

Sasa niandikie kazi unayofanya huko Garissa, lakini kwa maneno yanayotafunika. Mama Sufyan pale benchini kila siku mwanawe ameandikwa hoteli ya Nyali, ameandikwa hoteli ya Nyali, ni kama hoteli ameijenga yeye. Nami nataka cha kumjibu.

Anayekuombea kila sijida,
Mamako, Tumu binti Nassor


Garissa
Ijumaa, 15 Agosti 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, ingawa umekwisha itikia.

Kikapu kimefika salama. Kashata sikuziona, wenzangu walizifungua wakati nasaini karatasi ya mzigo. Achari nimeificha.

Umeniuliza kazi. Hospitali hii inafungua jengo jipya mwisho wa mwezi, na mimi ndiye niliyepewa seva zake. Kila seva ina diski za kuhifadhi maandishi, na ndani yake mna kadi ndogo inayozisimamia hizo diski. Kila kinachoandikwa inakiandika mara mbili, kwenye diski hii na kwenye pacha yake, ili moja ikifa nyingine ibaki na habari zote. Kadi yenyewe ni hodari, ila si msemaji. Kazi yangu ni kuweka programu ya kumtazama huyu msimamizi, itwambie diski gani nzima, ipi mgonjwa, na itume ujumbe kabla watu hawajapata hasara.

Ugumu ni kwamba seva ziko tatu, na kila moja ina mfumo wake, na kila mfumo una mlango wake.

Ya kwanza ni ya Windows. Hiyo ni nyumba ya watu wakarimu. Ukibisha hodi unaletwa sebuleni, unaonyeshwa picha, unabonyeza endelea, endelea, mwisho unaambiwa tayari.

Ya pili ni ya Linux. Huko hakuna picha, ni kuandika amri kwa maneno, na usipoingia kwa jina la mwenye nyumba hufunguliwi hata jikoni. Na programu yenyewe lazima iwe ile iliyoshonwa kwa kipimo cha mfumo huo. Ile ya Windows haiukai.

Ya tatu ilinitoa jasho. Hiyo imebeba mashine nyingine tumboni, na yenyewe haina sebule. Mgeni hakai. Unamwacha tarishi mmoja tu ndani, kisha unakwenda kukaa kwenye kompyuta nyingine, chumba cha pili, unamuuliza tarishi habari kwa njia ya waya. Nilimwacha tarishi wangu, nikasahau kuizima na kuiwasha mashine ili imkubali. Nikabaki nauliza, hanijibu. Mkuu wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini sasa anajibu, na kwa heshima.

Mama, kuna jambo limenikaa. Ile programu ya kutazama diski niliyoiweka hapo zahanati niliiweka kwenye Windows. Programu hukaa na mfumo, haikai na chuma. Lenox alipoutoa ule mfumo, programu yangu ilitoka nao. Je, alirudi kuweka nyingine ya mfumo mpya? Lenox namjua, tulisoma darasa moja, na kwenye Linux alikuwa mbele yangu. Najua hawezi kuliacha hilo. Niulizie tu, nipate usingizi.

Msalimie wifi Fatma, na Mahir asimwache abebe ndoo.

Mwanao,
Wardah


Jomvu Kuu
Ijumaa, 22 Agosti 2025

Mwanangu injinia,

Barua yako imesomwa mara tatu na kila mara benchi lilijaa. Niliwaambia, "Mwanangu Garissa ana nyumba tatu." Mama Sufyan akadakia, "Amenunua?" Nikamwambia, "Si za mawe. Ya kwanza unakaribishwa na picha, ya pili huingii mpaka uwe mwenye nyumba, na ya tatu ina mimba." Mama wa watu mmoja aliyeleta mtoto kuchanjwa akauliza, "Hiyo ya mimba itazalishwa na nani?" Nikamwambia na Wardah. Mama Sufyan akawa anatengeneza mtandio wake usioharibika. Allah akupe umri.

Ile ya tarishi asiyejibu sikuisoma. Si kila jambo ni la benchi.

Hilo la Lenox usilitie moyoni. Kila kitu kiko vile ulivyokiacha, hakuna mkono wa mtu uliokivuruga, nami mamako niko. Wewe tazama kazi yako.

Huku kero yetu ni moja. Wale wafadhili wa Nyali waliotupatia vitanda mwaka jana wametuletea saa ya adhana, ya betri, nzuri, ina picha ya Kaaba. Tumeitundika ukutani pale nje ya stoo. Sasa imeingia wazimu. Inalia tii, tii, tii, mchana kutwa, si adhuhuri si alasiri. Tumetoa betri, yalia. Selpher akaizungushia pamba, yalia. Mama Sufyan akasema ina shetani. Nikamwambia shetani na adhana hawalali chumba kimoja, labda kwako. Mwisho nimeivingirisha blanketi la watoto nikaitia ndani ya kabati la dawa, na wallahi bado tunaisikia. Vitu vya siku hizi vina kiburi, unamtoa roho naye anaendelea kusema.

Maulidi yetu ni baada ya wiki mbili. Nitafungua stoo tutoe masufuria tuyasugue. Uje kama utaweza. Usipoweza, pilau lako nitakulia mimi.

Mamako,
Tumu binti Nassor


Kwa simu ya Fatma
Garissa, Jumapili, 24 Agosti 2025

Mama, shikamoo.

Nimekupigia simu, ukasema, "Niko arusini, ngoma haziniachi nisikie, nitakupigia," ukakata. Kwa hiyo namwandikia Fatma akusomee. Wifi, tafadhali msomee palepale ulipo, hata kama bibi harusi anatolewa.

Mama, saa isiyo na betri haiwezi kulia. Saa haina makosa. Nenda zahanati, utie sikio kwenye mlango wa stoo.

Kama sauti inatoka ndani, ni ile kadi ya kusimamia diski. Nilikwambia si msemaji, lakini ina king'ora kidogo cha kulilia. Inalilia diski iliyokufa. Maana yake moja ya zile pacha mbili imekwenda, na sasa habari zote za zahanati zimesimama kwa mguu mmoja. Ule mguu ukivunjika, mama, basi. Kadi za wajawazito, chanjo za watoto, wazee wa presha na dawa zao, vyote vinakwenda. Na kadi ya Fatma imo, ile damu yake iliyomsumbua Selpher mpaka akaipata ni ya aina gani, imo humo. Nakala ya mwisho niliichukua mimi kabla ya kuja huku. Tangu hapo sidhani kama kuna aliyechukua.

Mtafuteni Lenox leo hii. Msiizime mashine, msiisukume, wala mtu asichomoe kitu.

Siwezi kuja. Jengo linafunguliwa wiki hii na seva zote ziko mikononi mwangu. Nikiondoka, wagonjwa wa huku nao watakosa pa kuandikwa.

Mama, lakini kwa nini Lenox hakuweka programu ya kutazama? Ingetutumia ujumbe siku ileile ya kwanza, kabla hata ya king'ora.

Wardah


Jomvu Kuu
Jumatatu, 25 Agosti 2025

Wardah,

Hii nimeiandika kwa mkono wangu, na Fatma ataipiga picha akutumie.

Ni mashine. Nilitia sikio kwenye mlango nikaisikia inalia mle ndani kama kifaranga aliyefungiwa. Saa nimeitoa kabatini nimeirudishia betri zake, inaadhini vizuri, wala haijanuna.

Uliuliza kwa nini Lenox hakuweka programu. Alikuja kuiweka. Alikuja siku ya pili yake, na mkoba wake na diski ya akiba ameibeba ndani ya boksi. Mimi nikasimama mlangoni pa stoo. Akanambia, "Mama, kuna programu ya kutazama diski, sijaiweka." Nikamwambia mwanangu alikwisha iweka. Akasema ile ilitoka na mfumo wa zamani. Nikaona anakutoa wewe. Mwanangu, mimi sikusoma ukafika mbali, lakini nnajua kuona mtu anapotaka kufuta jina la mwanangu aandike lake. Nikamwambia, na watu wamejaa kwenye benchi, "Alichokiweka Wardah hakiwekwi mara mbili. Kama unatafuta kazi, Changamwe malori ni mengi, kayaoshe." Watu wakacheka. Mama Sufyan alicheka kupita wote. Yule kijana akafunga mkoba wake akaondoka.

Na wewe ulipouliza nikakwambia kila kitu kiko vile ulivyokiacha. Sikusema uongo. Ila ulichoniuliza sikukijibu.

Jana Selpher alimpigia simu. Amekataa. Kasema, "Mwambieni Mama Mahir amwite mwanawe." Amenirudisha kwa jina la Mahir kwa makusudi. Fundi mwengine wa Kisauni amekuja, akaitazama, akasema hajui neno la siri la mfumo huu, aliyeutia ni Lenox, na bila hilo neno yeye hawezi ila kuipangusa.

Kesho kutwa kamati ya zahanati, ambayo nami nimo, inakaa. Wanataka kujua nani aliyezuia fundi. Wengi hawakuwepo siku ile, na waliokuwepo wanakumbuka kicheko, hawakumbuki kilichochekwa. Mama Sufyan anakumbuka.

Fatma hajui kama kadi yake imo hatarini. Alipofika pale kwenye barua yako alipunguza sauti, kisha akaendelea kusoma. Basi labda anajua.

Nifanye nini?

Mamako


Garissa
Jumatatu, 25 Agosti 2025, jioni

Mama yangu,

Shikamoo. Usilie. Fatma ameniambia unalia na unasingizia vitunguu.

Nenda kwa Lenox wewe mwenyewe. Usimtume Mahir, wala usimtume Selpher, wala usimpigie simu. Alivunjiwa heshima mbele ya watu kwa mdomo wako, na mdomo wangu hauwezi kuirudisha. Nimemwandikia maneno mawili ya kifundi, nikamwambia mfumo wake ninauamini. Hajanijibu. Hilo la pili, la kutaka radhi, ni lako.

Akikubali, atafanya hivi, na wewe usimsimamie kichwani. Ataingia kwa jina la mwenye nyumba. Ataweka programu iliyoshonwa kwa mfumo wake wa Linux, si ile yangu ya zamani. Programu itamwonyesha diski ipi imekufa. Mashine ile imejengwa diski zibadilishwe ikiwa inafanya kazi, kwa hiyo ataichomoa iliyokufa atie mpya. Kisha ile nzima itaanza kumsomea mpya kila ilicho nacho, tangu mwanzo, kama mwalimu na mwanafunzi. Hapo ndipo pa kuogopa. Somo ni refu, na mwalimu mwenyewe ni mzee kama yule aliyekufa. Mpaka amalize, asibughudhiwe.

Na kuhusu kamati. Waambie ni mimi. Sema mwanangu aliniachia amri kwamba fundi mwengine asiiguse. Mimi niko mbali, hawanioni, maneno yao yakinifika yatakuwa yamepoa. Wewe unaishi hapo. Benchi lile ndilo baraza lako, na sitaki uketi pembeni yake. Hakuna atakayeuliza zaidi.

Nimesema kwa moyo mweupe. Fanya hivyo, mama.

Wardah wako


Jomvu Kuu
Ijumaa, 29 Agosti 2025

Wardah, mwanangu, fahari ya nyumba hii,

Keti kitako usome taratibu. Hii haikuja kwa picha. Hii nimeitia ndani ya kikapu, na kashata safari hii nimezishona ndani ya kitambaa, wenzako watatafuta mpaka wachoke.

Jumanne nilikwenda Changamwe. Nilipika usiku mkate wa sinia na kuku wa kupaka, nikalifunika sinia kwa kawa, nikavaa buibui langu la arusi. Mahir akasema anipeleke. Nikamwambia anayekwenda kutaka radhi haendi na mlinzi. Duka la Lenox liko nyuma ya yadi ya malori, moshi na honi tu. Nikabisha hodi. Alikuwa ameinamia kompyuta, akasema karibu bila kutazama. Aliponiona akasimama. Adabu anayo, alisema shikamoo.

Nikamwambia, "Marahaba baba. Nimekuja kuosha malori."

Hakucheka. Nikatua sinia mezani kwake, nikabaki nimesimama mimi. Nikamwambia, "Lenox, siku ile ulisema kweli nami nikakusema mbele za watu. Kweli yako nimeijua kwa mwanangu, lakini makosa nimeyajua peke yangu. Niwie radhi."

Kisha akafunua kawa. Akasema, "Huu mkate wa sinia unautia iliki nyingi hivi kila siku, au leo tu?"

Nikamwambia, "Nikipika mimi ni kila siku. Muulize yeyote Jomvu Kuu."

Hapo ndipo alipocheka. Akasema, "Wardah aliniambia utakuja. Sikuamini." Akachukua mkoba wake na lile boksi la diski. Lilikuwa bado liko juu ya rafu, hakulirudisha dukani. Njiani akanambia hakulirudisha kwa kuwa alijua iko siku litahitajika, na hasira haibadilishi kazi ya diski.

Tulipofika nikafungua stoo. Akasimama mlangoni. Akaniuliza, "Mama, hiki nini?"

Nikamwambia, "Kitambaa. Nimekifuma mwenyewe, mawaridi kumi na mawili, kwa ajili ya jina la mwanangu. Kinazuia vumbi."

Akasema, "Na hewa je?"

Mwanangu, hilo hukuwahi kunambia! Televisheni nimeifunika miaka na haijafa. Akaniwekea mkono karibu na ile mashine, si kuigusa, karibu tu, nikasikia joto kama la jiko la makaa. Akasema, "Umeivika nguo za Idi ndani ya chumba kisicho na dirisha." Nilikiondoa kitambaa nikakikunja, nikakiweka chini ya jamvi pale ambapo hatakiona mtu, na masufuria tukayatoa yote nje hewa ipite. Selpher akaleta pangaboi lake.

Basi akaanza. Ulisema nisimsimamie kichwani, nikakaa nje, lakini mlango ulikuwa wazi na macho ni yangu. Ni kweli, hakuna picha. Ni maneno tu yanateremka, meupe juu ya weusi. Mara ya kwanza programu ilikataa. Akasema inadai kitu kingine kiwekwe kabla yake. Akakiweka. Ya pili ikakubali. Kisha akaninyoshea kidole, njoo mama. Nikaona diski mbili zimechorwa, moja ya kijani, moja nyekundu. Ile nyekundu ndiyo iliyokuwa ikilia siku zote zile huku sisi tunaivika saa blanketi. Akabonyeza, kelele zikakatika. Wallahi ule ukimya ulinitisha kuliko kelele.

Akaichomoa maiti, akatia mpya. Somo likaanza. Pale pana hesabu inapanda kuelekea mia, na inapanda pole kama mgonjwa anapanda ngazi. Alasiri ikapita. Fatma akaja, akakaa pembeni yangu na tumbo lake, hakuuliza kitu. Mama Sufyan naye akaja, akasema anapita tu, akakaa. Magharibi umeme ukakatika.

Tulikuwa watu saba mlangoni. Pangaboi likasimama. Nikaona kitaa kidogo cha mashine bado kinapepesa. Lenox akasema, "Ina betri yake chini, Wardah aliiweka. Itashika kidogo." Nikasema kwa sauti, ili Mama Sufyan asikie, "Wardah aliiweka." Naomba Mungu anisamehe, kwenye shida kama ile nilikuwa bado nnasifu. Lakini si ni kweli? Kisha nikaanza kusoma Yasini, na nilipofika katikati umeme ukarudi. Mwalimu hakukatizwa hata herufi.

Somo lilikwisha siku ya pili asubuhi. Zote mbili za kijani. Selpher akafungua kadi ya Fatma palepale. Jina lake, damu yake, tarehe zake, vyote vipo. Fatma akasoma, akasema, "Uzito wangu si lazima usomwe kwa sauti." Tukacheka tukalia.

Lenox akachukua nakala ya kila kitu, akaitia bahasha, akampa Selpher aende nayo nyumbani kwake. Programu akaiamuru itume ujumbe mashine ikiugua. Wa kupokea umetajwa wewe, na ametajwa yeye. Ufunguo wa stoo nimempa Lenox. Sikuombwa.

Sasa kamati. Walikaa Jumatano hiyohiyo baada ya dhuhuri, ukumbi umejaa kuliko siku ya kugawa vyandarua. Mwenyekiti akasema, "Tunashukuru mashine imepona, lakini tuambiane, nani aliyemzuia fundi?" Maneno yako yalikuwa yamekaa ulimini mwangu, matamu, tayari. Mwanangu aliniachia amri. Ni maneno matatu tu. Mama Sufyan alikuwa ananitazama kama paka anayetazama samaki akiparwa.

Nikasimama. Nikasema, "Ni mimi."

Nikasema, "Lenox alikuja na diski mkononi nikamfukuza, na mlicheka. Na mashine nimeifunika kitambaa mpaka ikaungua. Hakuna mwengine. Mkitaka nitoke kwenye kamati, nimekwisha toka."

Mama Sufyan akasema, polepole kama anatema mfupa, "Kumbe ndiye wewe, na barua zote zile unatusomea."

Nikamwambia, "Kaa, bado sijamaliza. Mwanangu alipojua nimeharibu, aliniandikia akanambia nimsingizie yeye. Niwaambie amri ilikuwa yake. Yeye, ambaye jina lake ndilo mali yake yote huko aliko, aliniambia nilichukue nijifunike nalo. Nikakataa. Mimi mwanangu nnamsifu, nnamsifu mpaka mnachoka, nnajua mnachoka, lakini simsifu kwa deni. Haya. Seva mtazisikia sana, na mafundi ni wengi, huyu Lenox hapa amemshinda Wardah kwenye Linux, kasema Wardah mwenyewe. Lakini nitajieni nyumba nyengine moja hapa Jomvu Kuu yenye mtoto wa namna hiyo."

Nikangoja. Mwanangu, nilingoja kweli, nikazungusha macho ukumbi mzima, kiti kwa kiti.

Hakuna aliyetaja.

Mamako,
Tumu binti Nassor